Hina ya Unyayoni

Kabla sijawa nesi nilikuwa mpambaji wa maharusi. Kuanzia Temeke hadi Chang'ombe, msichana akiolewa naitwa mie. Namwogesha, namfukiza udi, nampaka hina mikononi na miguuni, naifunga kwa majani ya mnyonyo ili hina ikolee, na asubuhi nawakabidhi watu wake bibi harusi wao. Kazi hiyo alinifundisha mama yangu, na nilijua nitakufa nayo.

Vita vikaja. Vijana wakachukuliwa, nguo zikaadimika madukani, sukari ikawa ya kubembeleza. Harusi zikakatika. Na mume wangu, aliyekuwa mpishi kwenye nyumba za Wazungu, naye akachukuliwa akawapikie askari huko Burma. Walimpandisha lori barabarani pamoja na wenzake, kofia imemzidi kichwa. Alinipungia mkono kidogo tu, maana mama yake alikuwa amesimama ubavuni mwangu, na mwanamume wa wakati ule hakujionyesha mbele ya mama yake.

Alikuwa na tabia moja. Kila nikipaka hina mpya, kabla hajagusa chakula, anavuta viganja vyangu anavinusa. "Sasa nimefika nyumbani," husema. Hata kama alikuwa ndani tangu mchana. Mpaka leo wajukuu zangu wakija wamepakwa, nawashika mikono naisogeza usoni. Wanadhani macho yamepungua, nakagua kama imekolea.

Basi alipoondoka sikuacha hina. Kwetu mwanamke huiacha mumewe akifa, anapokaa eda. Ukimwona mke wa mtu mikono mitupu, lazima uulize kulikoni. Mie nilipaka. Mume wangu yu hai, na mwenye macho aone.

Hospitali ndogo ya wazazi ikawa inatafuta wanawake watu wazima wa kufundishwa unesi. Mvi nilikuwa nazo tayari. Kusoma nilijua herufi za Kiarabu za chuoni, na zile za Kizungu kwa kuvizia. Nilikwenda kwa sababu ndani hamna unga, sitatia chumvi.

Msimamizi wa wodi alikuwa Mzungu mrefu, tukimwita Sista. Alinitazama kuanzia kichwani, akaishia mikononi.

"Mkono chafu."

"Si uchafu, Sista. Ni hina."

"Osha."

"Haioshwi."

Akaniletea sabuni na brashi ya sakafu. Nikasugua mpaka ngozi ikawaka moto. Hina ikakaa pale pale, tena ikazidi kung'aa. Akasema haya, nianze kazi, ila nisipake tena. Kucha za nesi sharti zionekane, damu isipate pa kujificha. Neno lake lilikuwa la haki.

Wenzangu wodini walikuwa wasichana wa bara, waliosoma misheni. Nilipofunga kidonda kwa mara ya kwanza, nikakifunga kama mkono wa bibi harusi, walikufa kwa kicheko.

"Mama, kidonda hiki kinaolewa lini?"

"Kikipona. Wewe utaolewa lini na domo hilo?"

Tukapatana tangu siku ile.

Lakini mikono ikaanza kupauka. Viganja kwanza, kisha vidole. Siku moja, kwenye foleni ya maji, jirani yangu akanishika mkono, akautazama, akaanza kunipa pole. "Msiba umefika lini, dada, mbona hatukusikia?" Nikamwambia hakuna msiba. Hakusadiki. Mpaka nafika nyumbani na ndoo yangu, habari ilikuwa imenitangulia.

Mavyaa, yaani mama wa mume wangu, tuliyekuwa tukiishi naye, alikuwa mlangoni.

"Lete mikono."

Nikampa.

"Umemzika mwanangu?"

"Sikumzika, Mama. Kazi haitaki hina."

"Kazi inataka mwanangu afe?"

Akaingia chumbani kwake. Chakula changu hakukila, akawa anajipikia uji wake pembeni, na salamu yangu akiipokea kwa kuguna. Niliwaza kuacha kazi. Wallahi niliwaza. Lakini uji ule nao ulitokana na mshahara wangu.

Alhamisi moja alasiri, natoka kazini, nikamkuta ameketi barazani na bakuli la hina.

"Vua viatu."

"Mama?"

"Huko hospitali mnatembea pekupeku?"

"Hapana. Viatu na soksi."

"Basi huyo Sista wenu ataona nini?"

Akanipaka nyayo na kucha za miguu. Hakuwa mpambaji, hina ikamwagika mpaka kwenye kifundo. Mie niliyepamba maharusi wa mji mzima nikamnyoshea na mguu wa pili. Kesho yake nilizunguka wodi nzima, nimebeba mabeseni, nimetandika vitanda, na ndani ya viatu mume wangu yu hai. Ikawa ndiyo desturi yetu. Ikipauka, bakuli linatoka.

Vita vikaisha. Wanaume wakaanza kurudi. Tulimwendea kila aliyerudi. Mmoja tu ndiye aliyemjua: walitenganishwa kwenye mto mmoja huko porini, hakumwona tena, hajui zaidi. Mavyaa akamshukuru, tukarudi, akanipaka. Mvua zikapita, akanipaka. Wasichana wa misheni wakaolewa, wengine wakahamishwa, na bado akanipaka.

Kisha Alhamisi moja akaja barazani mikono mitupu. Akakaa.

"Hina imekosekana sokoni, Mama?"

"Ipo."

Tulikaa hivyo mpaka magharibi ikaadhiniwa. Akainuka taratibu kwenda kutawadha, na alipopita aliweka mkono begani kwangu, akauondoa.

Hina ya unyayoni hutoka upesi, kwa kutembea. Nami kazi yangu ilikuwa kutembea. Ukucha wa dole gumba ndio uliobakia na wekundu, kipande chembamba huko mwishoni. Sikuukata. Ukarefuka, ukakwaruza, mwisho ukatoboa soksi, na Sista, ambaye hakupitwa na kitu, akaona.

"Soksi mpya," akasema. "Na kata kucha."

Soksi nilinunua.