Nywila Iliyopanda Basi

Mimi ni mwoga, na sikuanza leo. Naogopa radi, naogopa ng'ombe wa mama anayepiga teke, naogopa simu ikiita kabla sijaamka. Lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa Jumapili moja baada ya Krismasi, nyumbani kwetu mlimani, juu ya mji mdogo wa Mkuu, mama aliporudi kanisani, akavua viatu, akaketi kwenye benchi la jikoni na kuninyooshea simu yake.

"Baba yako leo hasemi," akaniambia.

Baba alikuwa ameshafariki. Kabla ugonjwa haujamfunga koo, alijirekodi kwenye simu, siku baada ya siku, kwa Kichagga chake na kile Kiswahili chake cha kanisani: jinsi alivyomposa mama, nani kazikwa upande gani wa kihamba, shamba letu la ukoo, kwa nini hakuwahi kumsamehe jirani aliyehamisha mpaka. Sauti zote zilikuwa kwenye akaunti yake ya kuhifadhia mafaili mtandaoni. Kila Jumapili mama alisikiliza kipande kimoja, kisha akaendelea kumenya ndizi. Nakala nyingine haikuwepo popote. Tulikuwa tukisema tutanakili, na kila familia inajua maneno ya aina hiyo huishia wapi.

Nikaichukua ile simu. Ilikuwa inadai nywila mpya.

Tuko watoto watatu. Kaka yetu mkubwa anaishi Dar es Salaam, mimi nafanya kazi Moshi mjini, na mdogo wetu wa kike ana biashara Holili. Nywila zote za nyumbani tunazitunza kwa programu moja. Zimo ndani ya faili moja lililofungwa, na faili hilo linakaa kwenye folda la mtandaoni ambalo simu zetu zote tatu zinalifikia. Mmoja akibadilisha kitu, wenzake wanakipata. Ndivyo inavyotakiwa.

Siku ya Krismasi akaunti ya baba ilileta onyo kwamba mtu asiyejulikana amejaribu kuingia. Tukakubaliana tubadilishe nywila zote za maana. Ungedhani mtu mmoja angeifanya kazi hiyo na kuimaliza. Lakini mbuzi alikuwa ametoka kuchinjwa, na kwetu mbuzi hana kipande kisicho na mwenyewe: kidari kina mtu wake, mgongo una mtu wake, na anayerukwa hukumbuka mpaka uzeeni. Mama, kisu kikiwa bado mkononi, akasema nywila nazo zigawanywe, asije mtoto mmoja akashika funguo za nyumba peke yake. Kaka, kwa ukubwa wake, akapewa akaunti ya baba. Mimi nikapewa umeme na maji, mdogo wetu akapewa barua pepe ya mama. Tukatawanyika migombani, kila mtu na simu yake, tukaandika kwenye faili lile lile kwa wakati mmoja. Wenye ujuzi watasema huo ni wazimu. Sisi tuliona ni haki.

Sasa nikafungua folda. Nikakuta faili langu, na pembeni yake lingine lenye jina refu, likieleza kwamba ni nakala iliyogongana na ya kwanza. Hilo lilikuwa la mdogo wangu. Nikayafungua yote mawili. Kwenye akaunti ya baba, yote yalikuwa na nywila ya zamani. La kaka halikuwepo.

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba kaka ni bahili wa bando. Folda lake ameliagiza lipandishe vitu pale tu anapopata waifai, na kwa mama hakuna waifai. Nywila mpya aliyoiweka kwenye akaunti haikuwahi kutoka kwenye simu yake. Kuikariri asingeweza, maana programu ndiyo iliyoitunga, mchanganyiko mrefu wa herufi na tarakimu. Laini ya baba, ambako akaunti ingetuma namba ya kuifungulia, ilishafungwa na kupewa mtu mwingine. Kwa hiyo sauti yote ya baba ilikuwa imening'inia kwenye simu moja, na simu hiyo ilikuwa imepanda basi la Dar asubuhi ile.

Nikatoka mbio mpaka getini, kwenye ua wa mimea ya masale, mahali pekee ambapo mtandao haukatikikatiki.

"Kaka, ile nywila ya baba haijatufikia," nikasema.

"Hiyo app nayo imezidi," akajibu. "Subiri, naifuta naiweka upya. Itarudi yenyewe."

"Kaka, usi—"

Alikuwa ameshakata. Ndivyo alivyo, hukata kabla hujamaliza.

Futa, weka upya. Hiyo ndiyo dawa yetu ya kila simu inayosumbua, na mara nyingi inaponya. Lakini akiifuta programu ile, angefuta na faili lililokuwa ndani yake. Na ambalo lingeshuka kutoka kwenye folda ni letu, lenye nywila ya zamani. Nikapiga tena. Hapatikani. Nikaandika ujumbe: USIFUTE KITU. Ukabaki na tiki moja.

Nilishika majani ya masale kama mtu anayeshikilia mkongojo, nikapiga, nikapiga tena, sauti ya yule mwanamke wa mtandao ikinijibu kwa upole uleule mpaka nikamchukia. Nilimwogopa mama zaidi ya yote. Ningemwambia nini? Kwamba tumempoteza mume wake kwa sababu ya bando?

Mama akaja na kigoda, akakiweka chini karibu yangu.

"Baba yako amekwenda?" akauliza.

"Sijui, mama."

Hakukikalia kigoda. Akasimama pale pale getini, mikono ndani ya kanga, mtori wa ndizi ukiungua jikoni, nasi wote wawili tukisikia harufu yake.

Jua lilikuwa limeshainama namba ngeni ilipoita. Alikuwa kaka.

"Simu yangu ilizima. Natumia ya abiria mwenzangu, yangu iko kwenye chaji hapa hotelini, basi liliposimama tule."

"Umefuta?"

Nikafumba macho.

"Nilibonyeza," akasema. "Ikaniuliza kama nina hakika. Mkono ukakataa. Mimi ndiye niliyeanza kumtupia baba udongo kaburini, unakumbuka? Nikaogopa kumtupia mara ya pili. Nikabaki nimeishika hivyo hivyo mpaka ikazima."

Sikuwahi kumsikia kaka akisema ameogopa.

Nikamwambia asiguse kitu, afungue tu na kunisomea. Akasoma herufi moja moja, mimi nikiziandika kwenye simu ya mama. Ikakataa. Tukarudia, safari hii akitaja kila herufi kubwa, na akaunti ikafunguka. Kabla ya jambo lingine lolote nikaamuru sauti zote zishuke kwenye simu ile, kisha nikamrudishia mama.

Akabonyeza ya kwanza. Baba akakohoa, akasogeza kitu mezani, akauliza, "Mnanisikia?"

"Tunakusikia," mama akajibu.

Simu yangu ilikuwa bado sikioni. Kaka hakukata.