Daftari la Keremkerem

Kila mwaka vuli inapokaribia, keremkerem, wale ndege wala nyuki, hupita juu ya nyumba yangu wakitoka Ulaya, na kabla sijawaona huwasikia: sauti laini ya kububujika, kama maji yanayomiminwa kutoka mtungi wenye shingo nyembamba. Majirani hutoka nje kuwatazama. Mimi, msomaji wangu, hufunga dirisha.

Miaka ya hamsini tuliishi Riruta, na baba alikuwa mtunza bustani wa Mzungu mmoja wa Lavington. Mzungu huyo alikuwa na wazimu mmoja tu: ndege. Kila Oktoba alikwenda pwani kuwatazama wageni wakitua kwenye matope ya bahari, na mwaka mmoja akamchukua baba ambebee darubini. Baba alirudi ameambukizwa. Mama alimcheka hadi akashika mbavu. Mtu mzima, mwenye watoto na mbuzi, anasimama mlimani alfajiri shingo juu.

Bwana alimpa daftari ili awahesabu wanaopita Riruta. Baba hakujua kuandika, kwa hiyo karani nikawa mimi, msichana wa darasa la tatu, nikiilamba penseli kwanza ili iandike vizuri. Umande ulitulowesha miguu, moshi wa kuni ukatuwasha macho, na baba akanong'ona, "Andika, mama." Aliniita mama kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, nami nilijiona mkubwa kweli. Niliandika: arobaini, kutoka kaskazini, saa kumi na mbili na nusu, wakashuka bondeni. Jina la ndege sikuliandika hata mara moja. Si tulijua tunahesabu nini?

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka Mau Mau. Asubuhi moja askari walizingira nyumba zetu, wakawaketisha wanaume uani, mikono kichwani. Kuna mtu aliyekuwa amemchongea baba.

"Wewe, kila asubuhi unasimama pale juu unangoja nani?" askari mmoja aliuliza.

"Nahesabu keremkerem ya bwana yangu, afande."

Wakaangua kicheko. Nilichukia mno baba yangu kuonekana mwongo. Nikakimbia ndani, nikalitoa daftari chini ya godoro, ambako juzi yake nilimwona akilisukuma, nikampa askari kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa.

"Soma! Yote iko hapa. Niliandika mwenyewe."

Akasoma kwa sauti: arobaini, kutoka kaskazini, wakashuka bondeni. Kicheko kikakatika.

Baba akainua kichwa, akaniangalia. "Umefanya vizuri, mama," akasema. Wakampandisha kwenye lori.

Bwana alikuwa likizoni Ulaya, na aliporudi kumtetea hakuna aliyemsikiliza. Tulipata barua moja tu, kutoka kambi ya huko huko pwani. Mwaka uliofuata tukaambiwa amekufa kwa homa.

Kwa miaka mingi nilijivunia maneno yake yale. Nilikwisha kuwa na watoto wangu wawili nilipomuuliza mama kwa nini hakuwahi kulitaja lile daftari. Akaacha kuchambua maharagwe. Akaniambia baba alionywa, juma lile lile, kwamba maandishi ya namna ile humpeleka mtu kambini, na yeye mama akamsihi alitupe motoni. Alilipeleka hadi mekoni, akarudi nalo mkononi. Alisema hawezi kuuchoma mwandiko wangu.

Kumbe pale uani alijua. Aliachiwa nafasi ya kusema neno moja, akalitumia kunidanganya.