Kwa Hisani ya Serikali

Cheruiyot alikuwa amefanya kazi ya ukarani wa makazi katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma kwa miaka kumi na mmoja, akatukanwa kwa lugha saba, na siku hizi hakuna tusi lililomkera tena. Asubuhi hiyo, ufunguo mkononi, alimleta Ayen, aliyekimbia vita Sudan Kusini na wanawe wawili, kwenye nyumba aliyopangiwa na serikali. Mlangoni alimkuta Nakiru, mwanamke wa Kiturkana aliyefyatua matofali ya nyumba hiyo na kuijenga, ameketi.

"Ejok, mtu ya Kenya," Nakiru alimwamkia kwa Kiturkana, akimwita "mtu ya Kenya" kama wanavyoitwa huku wote waliotoka kusini mwa nchi. "Hapa haingii mtu."

"Mama, nyumba ni ya serikali."

"Serikali ilishika udongo lini? Kwetu mwanamke ndio anajenga, na nyumba ni yake. Huyu mgeni ameniomba? Wewe mgeni mwenzake, umeniomba?"

Cheruiyot akatazama fomu ya kukabidhi nyumba. Palikuwa na nafasi ya mkimbizi, ya ofisa na ya shahidi. Ya kuomba haikuwepo. Zamani angeita polisi. Sasa alisubiri tu, kama mtu anayesubiri chai ipoe.

Ayen akachuchumaa mbele ya Nakiru. "Mama, nakuomba. Watoto wamelala nje siku tisa."

Nakiru akainuka, akajipangusa vumbi, akausukuma mlango kwa kiganja. "Sasa umeongea. Ingia. Hilo dirisha jioni usifungue, upepo unaleta mchanga."

Cheruiyot akaurudisha mfukoni ufunguo ambao hakuna aliyeuulizia, akajaza fomu: "Nyumba imetolewa na serikali." Akatia sahihi.