Nilivyobaki Nimekaa Kwenye Semina

Wiki iliyopita binti yangu alirudi kutoka shuleni na barua ya wazazi. Iliandikwa kwamba kutakuwa na wageni watakaozungumza na wanafunzi kuhusu ubaguzi, wa rangi, wa kabila, wa dini na wa maumbile, na kwamba mzazi asaini kama ameridhia. Nilisaini pale pale, tumesimama jikoni. Binti yangu akaniuliza, "Mama, enzi zenu mlikuwa na semina kama hizi?" Nikamwambia ndiyo, tulikuwa nazo, tulipewa soda na maandazi. Akacheka, akaenda kubadili sare.

Sikumwambia zaidi ya hapo. Wewe nitakuambia, kwa kuwa hunijui sana na huna haja ya kuniheshimu kama mama yako.

Miaka ile nilikuwa naishi kwa bibi, mtaa wa Lyamkena, Makambako. Mama alikuwa muuguzi Ilembula na alikuja mwisho wa mwezi. Bibi alikuwa akikoka moto kabla hatujaamka, na nikifungua macho nyumba nzima ilikuwa inanukia moshi na viazi vya kuchemsha. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya kwetu ilikuwa inakata vidole. Nilivaa sweta la bibi ndani na sweta la shule juu, nikatoka nje kuchota maji ukungu ukiwa umeficha hata choo cha jirani. Treni ilikuwa ikipiga honi huko kwenye ukungu, halafu mashine za kupasulia mbao zinaanza kulia, na harufu ya mbao mbichi inatufuata mpaka darasani. Kila Jumatatu tulibeba kuni za jiko la shule kichwani. Za kwangu zilikuwa chache, kwa sababu nilikuwa na rafiki aliyenisaidia kubeba.

Jina lake silitaji, sijamwomba ruhusa. Alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Baba yake alikuwa fundi wa malori, na gereji yake ilikuwa kando ya barabara kuu. Babu yake alikuwa Mchina, mmoja wa waliokuja kujenga reli. Kazi ilipokwisha akarudi kwao, akamwacha binti mmoja wa Kibena na mimba. Mtoto aliyezaliwa ndiye yule fundi. Hakuwahi kumwona baba yake hata kwa picha, ila alichukua macho yake na nywele zake, akamrithisha na binti yake. Basi. Kwa mengine yote rafiki yangu alikuwa mtu wa Makambako, na Kibena chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alipofika mlangoni asubuhi bibi alimsalimu kwa Kibena, "Kamwene!" naye akaitikia, "Kamwene, bibi," huku mkono umeshaingia kwenye sufuria ya viazi.

Stendi vijana walikuwa wakimpigia kelele za Kichina cha kubuni. Yeye alikuwa anapita tu. Mimi ndiye niliyekuwa nawarudishia matusi.

Nataka ulijue hilo kwanza, kabla sijakueleza kwamba jina la utani alilokuja kubandikwa shuleni nililianzisha mimi.

Tulikuwa kidato cha pili. Siku hiyo kalamu yake iligoma kuandika katikati ya jaribio la baiolojia, akaitikisa, akaipulizia, ikagoma. Mwalimu akauliza kuna nini. Nikajibu mimi, kwa sauti, "Mwalimu, ni kalamu ya Kichina. Feki, kama mwenyewe." Darasa zima liliangua kicheko, na mwalimu alicheka pia. Rafiki yangu naye alicheka kidogo, akaazima kalamu kwa mtu mwingine, akaendelea kuandika. Kufikia saa ya chakula alikuwa anaitwa Feki. Kufikia mwisho wa muhula hata wadogo wa kidato cha kwanza walikuwa wakisema, "Dada Feki, unaitwa ofisini." Tuliendelea kutembea pamoja kwenda na kurudi. Hatukulizungumzia.

Semina ikaja Jumamosi moja. Tulikusanywa ukumbini kidato cha pili na cha tatu. Wageni kutoka Njombe mjini walikuwa wawili, kijana mmoja wa kubandika karatasi ukutani na mama mmoja aliyefunga kilemba cha kitenge. Mama huyo alizungumza polepole, na hakutuita "ninyi watoto". Alitugawia vipande vya karatasi. Tuandike neno ambalo tumewahi kuitwa likatuumiza, bila kuweka jina letu, tukunje, tutumbukize kwenye boksi. Mimi niliandika "mfupi". Halikuwahi kuniumiza, ila sikutaka kutumbukiza karatasi tupu.

Akaanza kusoma. Mengi yalikuwa ya makabila, Wakinga wanaitwa hivi, waliotoka mikoa mingine wanaitwa vile. Kijana mmoja Mwislamu, mtoto wa mfanyabiashara, alijitaja mwenyewe na kueleza neno lake, tukamsikiliza. Kisha yule mama akakunjua karatasi nyingine.

"Feki," akasoma.

Ukumbi ulicheka. Aliacha kicheko kiishe chenyewe. "Kumbe wote mnalijua," alisema. "Nani anaweza kutuambia jina hili lilianza vipi?"

Wanafunzi wa darasa letu waligeuza vichwa kunitazama, mmoja mmoja. Nilikuwa nimekaa benchi la tatu, chupa ya soda kati ya miguu. Nikaanza kubandua lebo yake. Nakumbuka ilivyokuwa inabanduka vipande vipande, kwa kuwa chupa ilikuwa imelowa.

"Siulizi ili mtu aadhibiwe," akasema yule mama. "Hapa hakuna fimbo. Nauliza kama kuna mtu angependa kusimama."

Nilisikia vizuri. Sikuogopa, nikuambie ukweli. Watu hudhani mtu akikaa kimya namna ile moyo unamwenda mbio. Wangu haukwenda mbio. Niliwaza kwamba labda nisimame, nikaendelea kubandua lebo.

Aliyesimama ni rafiki yangu. Alisimama mahali alipokuwa, mbele yangu kidogo, akashika kiti kilichokuwa mbele yake.

"Karatasi ni yangu," alisema. "Baba yangu amezaliwa hapa. Mimi nimezaliwa hapa. Sijui Kichina hata neno moja. Naomba mniite jina langu."

Akalitaja jina lake, lote, na la ukoo. Akabaki amesimama. Alikaa wima hivyo muda mrefu kuliko maneno yake yalivyohitaji, mpaka yule mama akasema, "Mpigieni makofi," nasi tukapiga. Mimi nilipiga pia. Kisha akaketi, na tukagawiwa maandazi.

Jumatatu mwalimu wa nidhamu alitangaza mstarini kwamba atakayesikika akitamka lile neno atakiona. Siku ya Jumatano alimsikia kijana mmoja wa kidato cha tatu, akamchapa viboko sita mbele yetu. Tangu hapo hakuna aliyemwita rafiki yangu Feki. Hakuna aliyemwita hata kwa jina lake. Watu waliogopa kukosea, au walikuwa na hasira kwa sababu ya kijana aliyechapwa. Kwenye netiboli hawakumchagua, na chakula cha mchana alikula peke yake nyuma ya jiko. Mimi nilianza kutoka nyumbani mapema. Nilimwambia bibi ni zamu yangu ya kufagia darasa, wiki hiyo, na wiki iliyofuata, na iliyofuata.

Mwisho wa mwaka alihamia kwa shangazi yake, Tunduma. Nilikuwa kisimani alipokuja kuaga. Niliporudi nilimkuta bibi amekaa, viganja vimelala mapajani.

"Mligombana?" akaniuliza.

"Hapana, bibi."

"Mbona nimemwambia akungoje, akasema hana haja?"

Nikamimina maji kwenye mtungi. Bibi hakuuliza tena, wala siku nyingine.

Nimeishi vizuri tangu hapo. Nimesoma, nimeolewa, bibi tumemzika, na mimi mwenyewe ni mwalimu. Sijawahi kuota juu ya siku ile. Ila siku mbili baada ya kusaini ile barua nilikwenda gereji. Yule fundi amezeeka. Alinipa namba ya binti yake bila kuniuliza naitakia nini, akarudi chini ya lori.

Nilipiga jioni. Alikuwa dukani kwake, anauza vitenge. Nilijitaja. Akasema, "Ala! Wewe? Habari za siku nyingi?" Nikamwambia nataka kumwomba msamaha. Akasema, "Ngoja kwanza, nina mteja." Nikangoja. Nilimsikia akipatana bei, anacheka, anamwita mtu dada. Kisha akarudi, "Enhe, sema." Nikasema yote, kalamu, jina, ukumbi. Hayakuchukua hata dakika mbili.

Nilimsikia akikunja kitenge.

"Habari ya kalamu nilishasahau," alisema. "Tulikuwa watoto. Lakini siku ile mimi nilisimama nikakungoja, mwenzangu. Nilijua utakuja kusimama na mimi. Nikangoja mpaka wakapiga makofi."

"Najua," nikasema.

"Haya. Basi sasa sina la kukusamehe wala la kukunyima. Watoto wangapi?"

Nikamwambia wawili. Naye akaniambia wake ni watatu. Tukaagana.

Ule ukumbi ulishavunjwa, pale pamejengwa maabara. Nyumba ya bibi ina wapangaji, na njia tuliyokuwa tunapita na kuni imezibwa na ukuta wa gesti. Hivyo vyote nimevizoea. Ninachokifikiria, nikiwa nasahihisha madaftari, ni kwamba kulikuwa na mtu aliyekuwa na hakika kabisa juu yangu, hakika ya kusimama mbele ya watu wote akingoja, na ilidumu kwa muda ule tu, kabla ya makofi. Sidhani kama kuna mwingine amewahi kuningoja hivyo. Nangoja niumie. Bado sijaumia.