Gari Bila Paa Kwenye Kona za Kilungu

Nina gesti ndogo pale Sultan Hamud, upande wa chini wa barabara kuu. Wageni wangu ni madereva wa malori, watu waliokuja matanga, na wahubiri wanaopitia mikutano ya injili. Kwa hivyo lile gari lilipoingia getini, mimi na mpishi wangu tulitoka na mikono yetu yenye unga, tukasimama tu kuangalia. Lilikuwa gari la kijani, la watu wawili, halina paa, na lilikaa chini sana hata nikawa naliangalia kwa juu kama mtu anayechungulia sufuria. Ndani walikuwa mzee mzungu na mkewe, wamejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Mama ndiye aliyekuwa anaendesha.

Walitoka Uholanzi. Gari lao lilikuja kwa meli hadi Mombasa, na tangu hapo walikuwa wanatafuta barabara zenye milima na kona nyingi. Hiyo ndiyo raha yao, mama aliniambia kwa Kiingereza chake kizito. Barabara iliyonyooka inamlaza usingizi. Nikamwambia kama ni kona anatafuta, aende Kilungu, kwetu nilikozaliwa. Aligeuza uso kunielekea, lakini macho yake yakatua kwenye sikio langu. Nikadhani ni mtu wa aibu.

Asubuhi mzee aliamka na tumbo la kuendesha, hawezi hata kusimama mlangoni. Mama naye alikuwa amevaa tayari, kitambaa kichwani na miwani mikubwa ya jua.

"Wewe twende," akaniambia. "Utanionyesha njia."

Mimi nani wa kukataa? Nilivaa sweta, nikafunga leso kichwani kwa nguvu. Mzee alijikokota hadi kwenye gari, akashika mlango kwa mkono wake ambao hutetemeka siku zote, hata chai hunywa kwa mikono miwili.

"Ongea naye," akasema. "Barabara yote, mwambie. Kila kitu. Usinyamaze."

Nikacheka. Maisha yangu yote watu wameniomba ninyamaze. Huyu alikuwa wa kwanza kuniomba kinyume.

Usukani wa gari lile ulikuwa upande wa kushoto, kwa hivyo mimi nilikaa kulia, pale dereva wa Kenya anapokaa. Barabarani watu walinipungia mkono wakidhani ninaendesha mimi bila usukani. Mama mmoja muuza nyanya pale Kima alishika kichwa akamwita Mungu kwa kelele, "Ngai!" Na kila tulipofika nyuma ya lori, mzungu aliniuliza, "Sasa?" nami nikachungulia upande wangu nikamwambia, "Bado. Bado. Haya, sasa." Niliona ni sawa kabisa. Mtu aliyekaa kushoto haoni mbele ya lori. Hata mimi ningeuliza.

Tulipofika Salama tukakata kulia, tukaanza kupanda. Sikuwa nimewahi kuiona njia ya kwetu namna ile. Siku zote nimeipita ndani ya matatu, nikiangalia kisogo cha mtu. Leo mbingu yote ilikuwa juu yangu, mikaratusi inapita karibu niguse, matuta ya mashamba yameshuka ngazi kwa ngazi hadi chini kabisa, na harufu ya moshi wa jikoni za watu inaingia na kutoka. Nami niliongea kama nilivyoambiwa. Kona ya kushoto, mama. Kuna tuta. Kuna ng'ombe. Kona ya kulia, kali hiyo. Yeye alibadilisha gia taratibu, akikata kona vizuri kuliko dereva yeyote ninayemjua, na alikuwa anatabasamu.

Halafu simu yangu ikalia. Ni dada yangu, anayekaa huko huko juu. Nilikuwa nimemtumia ujumbe kwamba tunakuja. Nikamwambia kwa Kikamba atupikie muthokoi wa mahindi na maharagwe, na asisahau kwamba wazungu hawali pilipili. Akaanza kuniuliza huyo mzungu ni nani. Nilikuwa bado namweleza nilipoinua macho, nikaona kona.

Mbele yetu barabara ilikunja kulia. Kwenye kona watoto wa shule walikuwa wanatembea kwa mstari kando ya lami, wanarudi nyumbani kula chakula cha mchana. Gari halikukunja. Halikupunguza mwendo. Lilikwenda moja kwa moja kuwaelekea wale watoto kana kwamba hawako, na mama alikuwa bado anatabasamu.

Sikumbuki nilipiga kelele gani. Nakumbuka niliutupa mwili wangu upande wake nikaushika usukani kwa mikono yote miwili nikauvuta. Watoto waliruka ukingoni. Begi moja la shule liligongwa likaruka juu ya boneti. Tukaenda tukaingia kwenye mtaro na gurudumu moja la mbele, na injini ikazima.

Kisha mtoto mmoja akaanza kulia, halafu wote.

Nilitoka nikikimbia. Niliwagusa mmoja mmoja, vichwa, mikono, miguu. Hakuna aliyeumia. Msichana mwenye begi alikuwa amesimama akiangalia vitabu vyake barabarani. Nilipogeuka, mama mmoja alikuwa anashuka shambani na jembe mkononi, akija moja kwa moja kwangu.

"Wewe ni dereva wa aina gani? Unataka kutumalizia watoto?"

"Si mimi," nikasema. "Si mimi niliyekuwa naendesha."

"Nimekuona kwa macho yangu upande wa dereva!"

Nikamwonyesha usukani uko wapi. Mzungu alikuwa bado amekaa pale, mikono juu ya usukani, ameinamisha kichwa kando kama kuku anayesikiliza.

"Ulinyamaza," akaniambia.

"Sikunyamaza! Nilikuwa kwa simu!"

"Nilisikia unaongea. Sikuelewa maneno. Nikajua barabara ni wazi."

Hapo ndipo nilianza kuhisi baridi, jua likiwa limewaka.

"Mama, kwani wewe huoni?"

Alitoa ile miwani. Macho yake yalikuwa mazuri tu, ya samawati. "Naona pembeni," akasema. "Naona miti, naona mwanga, naona kitu kikubwa kama lori. Katikati hakuna kitu. Ni miaka sasa. Uso wako sijauona tangu nifike."

"Na kutoka Mombasa?"

"Mume wangu huniambia. Yeye mikono imekataa. Mimi macho. Tukiwa pamoja, tunaendesha vizuri."

Nilikaa chini kwenye ukingo wa barabara. Nilifikiria yale malori yote, ile "sasa" yangu niliyokuwa naitoa kwa mchezo, nikitafuna njugu. Mama wa jembe aliniuliza mzungu amesema nini. Nilimwambia tu ni mgonjwa.

Vijana waliokuwa kwenye duka la pale juu walikuja wakaliinua gari kwenye mtaro kama wanaoinua meza. Nikachukua ufunguo. Leseni ninayo, lakini nimezoea gari langu, Probox isiyo na gia za kuhangaikia, na sijawahi kukaa kushoto. Tulishuka Kilungu polepole, gari likiruka kila nilipoachilia klachi vibaya, nami nimekaza meno. Kwa dada yangu hatukufika.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha nje. Aliposikia, hakushangaa. Hilo ndilo lililonimaliza. Alisema tu, "Nilikuambia usinyamaze."

"Hukuniambia kwa nini!"

"Ungekubali kwenda?"

Niliwaambia ufunguo ninao mimi, na kesho nitawatafutia dereva wa kuwafikisha Nairobi. Mzee mmoja wa kanisa letu aliwahi kuendesha basi miaka mingi, na alikubali mara moja. Alifika asubuhi wakati wa chai, amevaa tai. Tukatoka nje pamoja. Gari halikuwepo.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Niliutoa nikauangalia, nikaangalia mahali gari lilipokuwa, nikauangalia tena. Walikuwa na mwingine.

"Walisema wanaenda kujaribu breki, wakashika njia ya Nairobi," mlinzi akaniambia.

Niliwapigia polisi wa trafiki. Aliyepokea alicheka. "Mama, mtu haoni na ametoka Mombasa? Si angekuwa amekufa?" Nikampigia kaka yangu, ambaye anatengeneza magurudumu pale Malili kando ya barabara. Nilimwambia gari ni la kijani, halina paa, na alisimamishe hata kama ni kwa kulala barabarani.

"Sista, uko sawa?"

"Lisimamishe!"

Mimi na mzee wa kanisa tukaingia kwenye Probox. Njia nzima niliangalia mitaro. Kila nilipoona watu wamekusanyika, nilidhani ni wao, na kumbe ni wauza mayai. Tulipofika Malili tulimkuta kaka yangu amekaa juu ya boneti ya lile gari, ovaroli yake nyeusi kwa grisi, mikono ameikunja kifuani. Alikuwa ameingia barabarani na bendera nyekundu, ile ya kufunga nyuma ya mizigo mirefu. Mzee mzungu akaiona, akamwambia mkewe asimame, naye akasimama.

"Wamenitukana kwa lugha yao," kaka yangu akasema. "Lakini sishuki."

Mzee wa kanisa aliendesha gari lao. Mume akakaa naye. Mama nikamweka kwangu kwenye Probox, na hadi Nairobi hakunijibu swali hata moja, si la maji, si la dirisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Kwa hasira ile sikuwa nimejiandaa.

Kwenye hoteli yao mzee alinishukuru kwa sauti ndogo, akaniahidi gari litarudi kwa meli na hawatalipanda tena huku. Niliamua kumwamini. Kisha nikaenda kumuaga mkewe, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi. Nikanyoosha mkono. Alisimama vile vile, mikono yake imeshuka kando, akiangalia pale nilipo, au karibu na pale. Nikangoja. Mwishowe nikaurudisha mkono wangu, na hadi leo sijui kama alinikatalia ama hakuuona.