Maji ya Bomba la Nyuma

Wakesho alikuwa na kinyongo cha miaka minne, na alikitunza kuliko wengine wanavyotunza ng'ombe. Kila asubuhi alikiamsha katika chumba cha kufulia, nyuma ya gesti ya Mama Nzilani pale Voi, akiwa ameinamia karai la shuka. Maji ya kisima cha pale yana chumvi. Unatia sabuni, unasugua, povu halitoki. Unaongeza nyingine, wapi, na vidole vinapasuka. Kila vilipopasuka, Wakesho alilitaja jina la Vincent.

Kabla ya karai alikuwa mtu wa bustani. Alizaliwa Wundanyi, kwenye ukungu, na mama yake alimfundisha kupanda kabla hajajua kusoma. Gesti nzima iliujua mkono wake: akichomeka kijiti, kinachipua. Bwawa dogo la mbele lilikuwa lake, pamoja na samaki wa rangi kumi na wanane waliozoea kuja juu wakiona kivuli chake. Kisha mwaka mmoja maji ya mfereji yakakatika wiki nzima, Wakesho akiwa matangani kwao. Aliporudi aliwakuta wote wanaelea. Vincent, msimamizi wa gesti, alikuwa ameshampelekea Mama Nzilani maneno: yule mwanamke alinyunyizia maua dawa kabla ya kuondoka, dawa ikaingia bwawani. Akayarudia mbele ya wafanyakazi wote.

"Huyu asipewe tena kitu chenye uhai," alisema.

Siku hiyo hiyo Wakesho akapelekwa kufua, na jikoni wakaanza kumwita Mama Samaki. Yeye alijua kilichowaua. Aliuona ukoko mweupe wa chumvi kwenye mawe ya bwawa. Lakini neno la dobi dhidi ya neno la msimamizi, nani angelisikiliza?

Basi mwaka huu Mama Nzilani akarudi kutoka kumtembelea bintiye Ujerumani akiwa amepagawa na vyura. Si hawa wetu wa matope. Hawa asili yao ni Amerika Kusini, urefu wao hauzidi kidole gumba, wana rangi ya buluu na madoa meusi, na wanafugwa ndani ya kioo. Huko msituni wana sumu. Waliozaliwa kwa mfugaji na kulishwa inzi wadogo wa matunda hawana. Kibali kilikuwa njiani, na vyura sita wangefuata. Mama alikwisha kununua sanduku la kioo na kitabu cha maelekezo, ila wa kulipanda mimea hakuwepo. Akaukumbuka mkono wa Wakesho. Vincent alipinga, Mama akasema ni majaribio tu.

"Wakifa hawa, Wakesho," Mama alimwambia, "usirudi hata kwa kufua."

Wakesho aliitikia ndiyo Mama, na hapo hapo akaiona njia.

Aliliandaa lile sanduku kwa subira ya mtu anayetega. Chini alitandaza kokoto alizoziosha ili maji yajichuje, juu yake wavu, kisha udongo wa makumbi ya nazi aliouchemsha, kisha majani makavu. Akapanda mimea midogo ya kivulini, na ule ukijani laini unaoota juu ya mawe, aliouchukua kwa mama yake. Sanduku likawekwa ofisini penye kiyoyozi, maana joto la Voi lingewapika wageni wale. Kitabu kilisema likae wiki sita bila chura, mimea ishike na vidudu vya udongoni vizaane. Kilisema na jingine, ambalo Wakesho alimsomea Vincent kwa sauti mara mbili, mpishi akisikia: maji yawe ya mvua peke yake, kwa sababu chura hunywa kwa ngozi na chumvi humkausha.

Vincent akacheka, akasema maji ni maji, watu wa Voi wameyanywa miaka yote na bado wanazaa.

Hilo ndilo Wakesho alilotaka kulisikia. Alimfahamu vizuri: hakuna kazi iliyowahi kumalizika mbele za watu bila yeye kuonekana ameishika.

Tusifichane, aliwaza mabaya. Alitaka vyura wawemo ndani siku ya kuwaonyesha wageni, Vincent atakapowanyunyizia maji ya kisima. Alitaka wafe mbele ya macho ya Mama, wote sita, chupa ikiwa bado mkononi mwa Vincent. Alilala na wazo hilo wiki mbili, na lilimpa usingizi mtamu. Kisha vyura wakafika, kila mmoja kwenye kikopo chake, naye akainua kifuniko kimoja. Chura alikuwa anapumua tu, koo likimpiga haraka haraka. Wakesho akafunga kifuniko. Ugomvi wake haukuwa na vyura.

Siku ya kuwaonyesha, Mama Nzilani alialika akina mama wa kanisa kwa chai, na wafanyakazi wakasimama mlangoni. Wakesho aliviacha vikopo kabatini. Mezani akaweka chupa ya kunyunyizia, tupu, akasema mimea imekauka kidogo. Vincent aliinyakua kabla hajamaliza kusema. Alirudi nayo imejaa, akanyunyizia kila pembe, akamimina na yaliyozidi, huku akiwaeleza wageni jinsi kazi hii ilivyomtoa jasho. Chupani yakabaki maji kidogo.

Sanduku lilikuja na kipimo cha chumvi, chembamba mfano wa kalamu. Wakesho akakitoa mfukoni. Alikichovya kwenye glasi ya maji ya mvua, akamwonyesha Mama: kumi na mbili. Akakichovya kwenye maji ya Vincent: elfu moja mia tisa.

"Haya ni ya bomba la nyuma, Bwana Vincent?" aliuliza kwa upole. "La kisima?"

"Kwani yana ubaya gani? Hata lile bwawa nilijaza hapo hapo mfereji ulipokatika, na..."

Hakuna aliyemsaidia kumalizia. Mpishi alitazama sakafu. Mama Nzilani aliweka kikombe chini, akauliza vyura wako wapi, na Wakesho akafungua kabati: wazima, wote sita. Mama akavihesabu vile vikopo kwa kidole, halafu akamuuliza Wakesho anataka nini.

"Bustani yangu, Mama," alisema. "Na shuka za chumba cha tatu bado hazijafuliwa."

Mama akamgeukia Vincent, akamwonyesha mlango wa nyuma.

Sanduku lilikuwa limeharibika. Wakesho akaanza kulitoa udongo kwa kijiko, tabaka kwa tabaka, akijua ni wiki sita nyingine za kuwatunza vyura kwenye vikopo. Hakujali. Dirisha lilikuwa wazi, na alisikia karai likiburutwa, mtu akisugua, kisha akisimama kuongeza sabuni. Akasugua tena, akaongeza tena. Wakesho alijua kwamba povu halitatoka, na hakumwambia.