Ngoma ya Upande wa Pili wa Ukuta

Leo mume wangu anababua kichwa cha mbuzi kwenye makaa, na ile harufu ya manyoya yanayoungua imenirudisha mbio hadi kwenye kiwanja chetu cha mtaa wa Kamalondo, nikiwa mtoto. Siku ile shangazi anaolewa! Mvua ilikuwa imelegeza ngozi ya ngoma. Baba mdogo akaipasha kwenye moto wa makartoni, akaisogeza karibu mno, manyoya ya ngozi yakaungua, na pa! ikapasuka.

Kwetu bi harusi havuki kizingiti bila ngoma. Shangazi akabaki mlangoni, mafuta yaking'aa usoni, machozi yakikaribia.

Ndipo jirani, seremala Muislamu ambaye wazee wake walitoka Maniema, akaruka ukuta na ngoma yake begani. Akaipiga! Udongo ukatetemeka chini ya nyayo zangu, nikajikuta napiga vigelegele kama mama mzima.

Nkambo, mama yake shangazi, akakunja uso.

"Hii ngoma haiko ya kwetu!"

Seremala hakuacha kupiga. "Mama, angalia miguu yako."

Tukaangalia sote. Shangazi alikuwa amekwisha kuvuka kizingiti, na miguu ya nkambo ilikuwa inacheza.